Alishindwa na Mwanamke, Kisha Akamwoa



Kuna tatizo moja ambalo huingia katika nyumba nyingi za Wakristo kimya kimya, bila kubisha hodi. Mke amepandishwa cheo shuleni anakofundisha, naye mume amebaki mahali pale pale. Au mke alianza na meza ya kuuza nyanya, leo ana duka, na karo ya watoto inatoka dukani humo. Mume hasemi neno, lakini anaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Marafiki wanamcheka kwamba amekaliwa chapati. Chakula kikikawia kidogo, anauliza kama siku hizi mwenye mshahara mkubwa hapiki. Mke naye, akiona hivyo, anaanza kuficha pesa zake, au anamjibu mumewe kwa dharau mbele ya watoto. Miaka miwili baadaye wanalala kitanda kimoja kama abiria wawili wa matatu, kila mtu akingoja kituo chake.

Ikiwa nyumba yako imeanza kunuka harufu hiyo, mwite mwenzako, mkae chini, msome ukurasa huu pamoja. Leo nitawasimulia maisha ya Annie Oakley, mwanamke wa Marekani aliyefariki mwaka 1926, na mumewe Frank Butler. Kazi yao ilikuwa kulenga shabaha kwa bunduki mbele ya watu. Najua bunduki si kitu cha kuzungumzwa katika ukurasa wa ndoa, na wengi wetu tumeiona tu begani mwa askari. Lakini usiiangalie bunduki. Waangalie watu wawili walioishika.

Jambo moja niliseme mapema. Simleti Annie kwako kama mtakatifu. Alizaliwa katika familia ya dhehebu la Quaker, ambalo hapa kwetu tunalijua kwa jina la Friends, hasa kule Kaimosi. Frank naye alikuwa amewahi kuoa, na ndoa hiyo ilivunjika. Kwa hiyo, kuhusu sheria za Kanisa juu ya ndoa, muulize padre wako. Lakini kuhusu kuishi kwa amani na mwenzi aliyekupita kwa kipaji, hawa wawili wana la kutufundisha.

MTOTO WA MJANE

Jina alilopewa ni Phoebe Ann Mosey, lakini nyumbani walimwita Annie. Alizaliwa Agosti 13, 1860, katika wilaya ya Darke, jimbo la Ohio. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Siku moja ya baridi kali baba yake alikwenda kusagisha nafaka, akakutwa njiani na dhoruba ya theluji. Alifika nyumbani mikono imeganda. Hakupona tena, na mwaka 1866 alifariki, akamwacha mkewe Susan na watoto wadogo.

Mama alihangaika. Annie alipofika miaka tisa au kumi hivi, alipelekwa katika nyumba ya wilaya iliyotunza maskini na mayatima. Huko alijifunza kushona na kutarizi, kazi aliyoipenda mpaka kufa kwake. Kisha familia fulani ikaja kumchukua, ikiahidi kumsomesha na kumlipa mshahara kidogo kwa kulea mtoto. Ahadi hiyo ilikuwa uongo. Alifanyishwa kazi kama punda, alipigwa, na usiku mmoja alitupwa nje katika theluji bila viatu kwa sababu alisinzia akishona. Aliteseka hivyo karibu miaka miwili, kisha akatoroka. Hata alipokuwa mtu mashuhuri hakuwataja watu hao kwa jina. Aliwaita mbwamwitu tu.

Wewe mwenye msichana wa kazi nyumbani kwako, simama hapo kidogo ufikiri.

Aliporudi kwa mama yake alichukua bunduki ya marehemu baba na kuingia msituni. Alikuwa amejifunza kuitumia tangu utotoni. Alipiga sungura na kware, akawauza dukani katika mji wa Greenville, na nyama hiyo ikasafirishwa mpaka hoteli za Cincinnati. Wapishi walimpenda kwa sababu ndege wake walipigwa kichwani, na mlaji hakuvunja jino kwa kuuma marisawa. Senti alizopata hakununulia nguo. Alizipeleka kwa mama, na inasimuliwa kwamba kabla ya kufika utu uzima alikuwa amelipa deni lote la dola 200 lililokuwa juu ya shamba lao.

Ona basi ni mtu wa namna gani aliyekuwa anangoja kuolewa. Alikuwa amejua njaa, amejua kipigo, na amejua kulisha nyumba kwa mikono yake. Mwenzi wako naye alikuja kwako na mambo yake ya zamani. Je, umewahi kumuuliza utoto wake ulikuwaje?

SIKU YA MASHINDANO

Frank Butler alizaliwa Ireland na kuja Marekani akiwa mtoto. Alifanya kazi nyingi za kubahatisha, mwisho akawa mlenga shabaha wa jukwaani. Alizunguka miji akionyesha ufundi wake, na kila alikofika alikuwa tayari kushindana na mtu yeyote kwa pesa. Alipofika Cincinnati, mwenye hoteli mmoja alimwambia kwamba anaye mtu wa kumshinda. Wakawekeana dola 100.

Siku ilipofika, Frank alimwona mpinzani wake: msichana mfupi, hata futi tano hakuzipita kwa urefu, aliyevaa gauni alilojishonea. Nusura acheke.

Wapo wanaosema ilikuwa mwaka 1875, Annie akiwa na miaka 15, na wapo wanaosema ni 1881. Mashindano yenyewe yalikuwa hivi. Njiwa hai huwekwa ndani ya mtego, yaani kisanduku kinachofunguliwa kwa kamba. Mlengaji anasimama mbali. Akiita, kamba inavutwa, njiwa anaruka upande asioujua mtu, na mlengaji ana nafasi ya kupumua mara moja tu kabla ndege hajatoweka. Baadaye watu waliacha njiwa hai wakatumia mipira ya vioo. Mwaka 1880, mtu wa mji huo huo wa Cincinnati aitwaye George Ligowsky alipata hataza ya sahani ndogo za udongo zinazorushwa hewani kwa mashine. Sahani za namna hiyo ndizo zinazotumika hata leo katika mchezo huo, na mlengaji husimama yadi 16 nyuma ya mtego, karibu mita 15.

Walipiga kwa zamu. Annie anapata, Frank anapata. Habari husimuliwa kwamba walikwenda sambamba mpaka shabaha ya 25, Frank akakosa, na Annie akapata. Msichana wa shamba alimshinda fundi wa jukwaa mbele ya watu.

Sasa wewe mume, jiweke mahali pake. Ungefanya nini? Wapo ambao wangesema bunduki ilikuwa mbovu, na wapo ambao wangesema jua liliwaingia machoni. Frank alimpongeza msichana, akampa yeye na jamaa zake tiketi za kuja kumwona jukwaani. Kisha alianza kumwandikia barua. Alikuwa na mbwa wa maonyesho aliyemzoea Annie mara moja, na Frank akawa anatuma salamu kwa jina la mbwa huyo, maana mwenyewe alikuwa anaona haya.

Walioana. Wenyewe walisema ilikuwa Agosti 23, 1876, ila cheti cha ndoa kinachojulikana ni cha Juni 20, 1882, kutoka mji wa Windsor huko Kanada. Vyovyote iwavyo, mtu aliyeshindwa hadharani alimchukua mshindi wake kuwa mke, na hakuna mahali tunaposoma kwamba alimlipizia kisasi.

MUME ANASOGEA PEMBENI

Mwanzoni Annie hakuwa jukwaani. Frank alifanya maonyesho na mwanamume mwenzake. Mwaka 1882, wakiwa Springfield, Ohio, mwenzake aliugua, na Annie akaombwa amshikie Frank shabaha. Annie alikubali, lakini akataka naye apige kwa zamu yake. Watu walishangilia kuliko walivyomshangilia Frank. Tangu siku hiyo akawa mshirika wake kazini, akajichagulia jina la jukwaani, Oakley.

Basi fikiri juu ya miezi iliyofuata. Kila usiku mtu anaingia jukwaani na mkewe, na kila usiku makofi ya mkewe ni mengi zaidi. Frank aliona jambo ambalo kila mtu alikuwa analiona, akaamua kulitaja kabla halijageuka sumu. Aliweka bunduki yake chini. Akawa meneja wa mkewe. Yeye ndiye aliyetafuta mikataba, aliyehesabu pesa, aliyewaandikia wenye magazeti, aliyerusha mipira hewani na kushika karata kwa vidole ili mkewe aipige. Inasemekana pia kwamba ndiye aliyemsaidia kusoma vizuri, kwa maana Annie alikuwa amepata shule kidogo sana.

Usifikiri Frank alikaa bure akila jasho la mkewe. Kusogea pembeni si kustarehe. Wapo waume ambao mke akianza kupata, wao huacha kazi na kuhamia baa. Huko si kusogea, ni kuangusha mzigo barabarani. Frank alibadilisha kazi tu, na kazi hiyo mpya ilikuwa nzito kama ile ya kwanza. Risasi iliyopita karibu na vidole vyake haikujali kwamba yeye ni meneja.

Matunda yalionekana. Mwaka 1884 Sitting Bull, kiongozi mkuu wa Wahindi Wekundu wa kabila la Lakota, alimwona Annie akilenga, akampenda kama binti yake na kumpa jina la kikwao. Mwaka 1885 waliingia katika maonyesho makubwa ya Buffalo Bill. Mwaka huo huo, karibu na Cincinnati, Annie alilenga mipira ya vioo 5,000 kwa siku moja akitumia bunduki za marisawa alizozijaza mwenyewe, akavunja 4,772. Mwaka 1887 alikuwa London, katika sherehe za miaka 50 ya Malkia Victoria, na mwaka 1889 alikuwa Paris.

Na wewe mke, sikia upande wako. Duniani aliitwa Annie Oakley, lakini nje ya jukwaa alikuwa Bibi Butler. Hema lake lilijulikana kwa usafi: zulia chini, maua mezani, kiti cha kubembea, na mwenyewe akitarizi huku akingoja zamu yake. Huko London alipoitwa mbele ya mtoto wa Malkia, mrithi wa kiti, mtu aliyejulikana kwa kupenda wanawake, Annie alipita mkono wake ulionyoshwa, akamwamkia kwanza mkewe, Princess Alexandra. Watu walishtuka. Lakini alijua kwamba mke aliyeketi pale hastahili kuwekwa nyuma mbele ya umati. Mwanamke anayeiheshimu ndoa yake huiheshimu na ya mwenzake.

BUNDUKI YA KIPIMO CHAKE

Safari hiyo ya London ina jambo jingine. Annie alikuwa akitumia bunduki za mitutu miwili za Kimarekani, nyingi zikitengenezwa kwa kifua cha mwanamume. Bunduki hizi hupimwa kwa namba: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mtutu unavyokuwa mwembamba. Wanaume walipenda ya 12 au hata ya 10, ambazo ni nzito na hupiga bega teke. Annie alizoea ya 16.

Kule London alikwenda kwa fundi Charles Lancaster. Fundi alimtazama akilenga, akaona kwamba kosa halikuwa kwa mlengaji. Bunduki ilikuwa nzito mno, na kitako hakikulingana na bega wala shingo yake. Akamtengenezea nyingine za namba 20, nyepesi, kwa kipimo cha mwili wake. Bunduki hizo za zamani leo hutafutwa sana na wanaokusanya vitu vya kale.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu nyumba nyingi zina kosa lile lile. Mume anampa mkewe mzigo uliokatwa kwa bega la mama yake mzazi, halafu anashangaa kwa nini mke analega. Mke naye anamtaka mumewe awe kama kaka yake aliyeko Nairobi mwenye gari. Kabla hujasema mwenzako ameshindwa, jiulize kama ulichompa kubeba ni cha kipimo chake.

HATA WAO WALIKUWA NA WIVU

Nisikudanganye kwamba Annie hakuwa na kasoro. Mwaka 1886 Buffalo Bill alimleta msichana mwingine mlenga shabaha, Lillian Smith, wa miaka 15. Annie alikuwa amekwisha kupita miaka 25, na moyo wake ukaingiwa na baridi. Tangu wakati huo akaanza kusema kwamba alizaliwa mwaka 1866, akijikata miaka sita. Mwishoni mwa 1887 aliacha maonyesho, na alirudi mwaka 1889 wakati Lillian hayupo tena.

Ona ajabu hiyo. Mume alishindwa na mwanamke akapiga makofi. Mke huyo huyo aliogopa kushindwa na msichana. Sisi sote tuna mahali petu dhaifu, na si lazima pawe mahali pamoja na pa mwenzetu. Ndiyo maana ndoa inahitaji watu wawili: siku mmoja anapotikisika, mwingine awe amesimama. Walipotoka kwa Buffalo Bill, Frank alitoka pamoja naye, akamtafutia mashindano ya mtego huku na huku, mkewe akashindana na wanaume ambao baadhi yao walikuwa hawajawahi kumwona mwanamke katika klabu yao.

NYUMBA ISIYO NA MTOTO

Hapa naomba wale wenye huzuni hiyo wasome polepole. Annie na Frank hawakupata mtoto. Waliishi pamoja zaidi ya miaka arobaini na kitanda cha mtoto hakikuwekwa nyumbani mwao.

Unajua desturi zetu. Miaka mitatu ikipita, shangazi wanaanza kuuliza. Miaka mitano ikipita, mama mkwe anamwambia mwanawe atafute mahali pengine, na ajabu ni kwamba mama huyo huyo yuko mstari wa mbele kanisani. Mke analia usiku, mume anakunywa mchana. Kanisa linatufundisha kwamba ndoa isiyo na mtoto ni ndoa kamili, na sakramenti yake haipungui hata chembe. Lakini maneno hayo ni mepesi kutamkwa na mtu mwenye watoto sita.

Annie na Frank waliishi hivi: waliwalea na kuwasaidia wapwa wao, walimtunza mama mzee wa Annie, na Annie alitoa pesa kwa ajili ya mayatima na masomo ya wasichana. Inasimuliwa kwamba medali zake za dhahabu aliziyeyusha na kuziuza, na fedha yake ikaenda kwa wenye shida. Aliyewahi kulala katika nyumba ya mayatima hakuisahau njia ya kwenda huko.

JINA JEMA

Oktoba 29, 1901, garimoshi lililobeba maonyesho ya Buffalo Bill liligongana na jingine huko North Carolina. Farasi wengi walikufa, na Annie aliumia. Waliacha maonyesho hayo, yeye na mumewe, na Frank akapata kazi katika kampuni ya kutengeneza risasi. Sasa mume ndiye aliyekuwa na mshahara wa kila mwezi. Nao wakaendelea kama kawaida, kwa sababu tangu mwanzo hawakuwa wakihesabu ni nani aliyeweka unga mezani.

Mwaka 1903 pigo likaja kutoka upande wasioutazamia. Mwanamke mmoja alikamatwa Chicago kwa wizi, akadai kwamba ndiye Annie Oakley. Gazeti likaandika kwamba Annie ameiba ili anunue kokeini, na magazeti mengine nchini kote yakanakili. Yote yalikuwa uongo. Baadhi yaliomba radhi, lakini Annie hakuridhika. Aliyashtaki magazeti 55. Kesi hizo zilimchukua mpaka mwaka 1910, akisafiri jimbo hadi jimbo kutoa ushahidi. Alishinda au kupatana nayo kwa 54. Pesa alizolipwa ziliishia zaidi katika nauli na mawakili.

Je, ilikuwa hasara? Kwa hesabu ya duka, ndiyo. Lakini tazama kwamba mumewe hakumwacha peke yake katika vita hivyo, wala hakumwambia kwamba anapoteza mali kwa ajili ya maneno ya watu. Kinyume chake ni kile tunachokiona vijijini. Uvumi unaletwa kuhusu mke, na mtu wa kwanza kuuamini ni mumewe. Mtu wa kwanza kukutetea anatakiwa awe yule aliyekuahidi mbele ya altare.

UZEE NA UGONJWA

Kuanzia mwaka 1915 walikaa misimu ya baridi katika mji wa Pinehurst, North Carolina. Huko Annie aliwafundisha wanawake kulenga sahani za udongo. Katika maisha yake aliwafundisha maelfu. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza walizunguka kambi za askari kwa gharama yao wenyewe, pamoja na mbwa wao Dave, aliyefundishwa kunusa pesa zilizofichwa na watu ili zichangwe kwa Msalaba Mwekundu. Mwaka 1922, akiwa amepita miaka 60, alivunja sahani 100 mfululizo bila kukosa hata moja.

Novemba mwaka huo huo gari walilokuwa wakisafiria huko Florida lilipinduka. Annie alivunjika nyonga na kifundo cha mguu. Alilala hospitali kwa majuma mengi, na tangu hapo alitembea na chuma mguuni. Frank, aliyekuwa amepita miaka 70, alikaa karibu naye. Yule aliyembebea bunduki sasa alimbebea fimbo. Annie alirudi kulenga tena mara chache, na chuma chake mguuni.

Novemba 3, 1926, Annie alifariki huko Greenville, kwa ugonjwa wa upungufu wa damu. Frank alikuwa mgonjwa kwa jamaa zao katika jimbo la Michigan. Inasimuliwa kwamba alipopata habari aliacha kula. Alifariki Novemba 21, siku 18 baada ya mkewe. Walizikwa bega kwa bega katika makaburi madogo ya Brock, si mbali na mahali Annie alipozaliwa. Mwaka 1969 jina la Annie liliingizwa katika orodha ya heshima ya walenga sahani wa Marekani.

Usidhani walikuwa peke yao. Mwaka huo huo liliingizwa pia jina la Plinky Topperwein, msichana aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha risasi. Mwaka 1903 aliolewa na Adolph, mlenga shabaha mashuhuri, na mumewe ndiye aliyemfundisha kushika bunduki. Mwaka mmoja baadaye, katika maonyesho makubwa ya St. Louis, alivunja sahani 100 mfululizo, wa kwanza miongoni mwa wanawake kufanya hivyo. Wakazunguka nchi pamoja miaka mingi. Huyu hakumkuta mkewe akiwa hodari. Alimfanya awe hodari, na hakujuta.

SASA NI ZAMU YAKO

Mume mpendwa, kichwa cha nyumba hakipimwi kwa mshahara. Frank hakupoteza uanaume wake alipoweka bunduki chini, na leo hakuna anayemkumbuka kama mume aliyekaliwa. Anakumbukwa kama mtu aliyejua thamani ya alichokuwa nacho. Juma hili mpongeze mkeo kwa jambo moja analolifanya vizuri kuliko wewe. Mpongeze mbele ya watoto, si chumbani tu.

Mke mpendwa, kipaji chako ni cha Mungu, na Mungu hakukupa fimbo ya kumchapia mumeo. Usifiche pesa, wala usizitangaze. Kaeni na kalamu na daftari, muandike kila kinachoingia kutoka pande zote mbili kama mali ya nyumba moja.

Na ninyi mnaongoja mtoto, msiruhusu mtu wa tatu awafungie mlango. Milango ya nyumba yenu ni miwili, na kila mmoja wenu ana ufunguo.

Kabla ya kulala leo, jadilianeni maswali haya:

1. Ni jambo gani mwenzangu ananizidi, nami sijawahi kumwambia?

2. Je, kuna mzigo niliompa ambao si wa kipimo chake?

3. Watu wakimsema mwenzangu vibaya, mimi husimama upande gani?

4. Mmoja wetu akilazwa kesho, nani atakaa kando ya kitanda?

Mkimaliza, salini pamoja kumi moja la rozari kwa ajili ya jirani ambao hawazungumzi tena. Mama Maria na Mtakatifu Yosefu, aliyekubali kusimama pembeni ili kazi ya Mungu itendeke nyumbani mwake, wawaombee.

Mungu aibariki ndoa yenu.